NYUKI WANAOTAFUTA NYUMBA

1. Bumba la nyuki

Asubuhi baada ya mvua, watu wa Kindu huweza kuona kitu cha ajabu. Juu ya tawi la mwembe limening'inia fungu jeusi, refu kama mkono wa mtu mzima, nalo linatikisika polepole. Si tunda, wala si kichuguu cha mchwa. Ni nyuki elfu nyingi walioshikana miguu kwa miguu. Jana hawakuwapo. Kesho pengine hawatakuwapo tena. Hilo ndilo bumba la nyuki.

Watoto wengi wakiona bumba hukimbia, nao wanafanya vema. Wengine huokota mawe na kulirushia, nao wanafanya vibaya sana. Lakini mtu mwenye maarifa hujiuliza: "Nyuki hawa wanatafuta nini?" Jibu lake ni fupi: wanatafuta nyumba. Mtu akiwapa nyumba nzuri, watakaa kwake. Naye atapata asali bila kupanda mti mrefu usiku, na bila kuteketeza kundi zima kwa moto.

Wazee husema: Fuata nyuki, ule asali. Methali hiyo ni ya kweli. Lakini iko njia nyingine tena, ambayo ni kuwafanya nyuki waje wenyewe mpaka shambani kwa mtu. Somo hili linaeleza njia hiyo.

2. Watu wa mzinga

Katika kila kundi la nyuki mna watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni malkia. Yeye ni mmoja tu. Mwili wake ni mrefu kuliko wa wengine. Kazi yake ni kutaga mayai, na wakati wa maua mengi huweza kutaga mayai elfu moja na zaidi kwa siku moja. Huitwa malkia, lakini hatoi amri. Yeye ni mama wa nyumba nzima.

Wa pili ni watenda kazi. Hao ni majike, na hesabu yao ni elfu nyingi. Husafisha nyumba, hulisha watoto, hutoa nta katika miili yao, hujenga masega, hulinda mlango. Mwishowe hutoka kwenda kutafuta maji matamu ya maua na chavua, yaani ule unga wa maua. Wakati wa kazi nyingi mtenda kazi huishi kama majuma sita tu, kisha hufa. Asali nyingi anayoiweka akiba, hataionja yeye. Italiwa na wadogo zake.

Wa tatu ni madume. Hawana mwiba wala hawatafuti chakula. Kazi yao ni kuoana na malkia kijana angani. Chakula kikipungua, watenda kazi huwafukuza mlangoni. Padre mmoja Mkatoliki wa nchi ya Silesia, jina lake Johann Dzierzon, aliandika mwaka 1845 jambo ambalo wataalamu hawakutaka kulisadiki: madume hutoka katika mayai ambayo hayakupata mbegu ya baba. Baadaye ikaonekana kwamba padre alisema kweli.

3. Kwa nini nyuki huhama

Maua yakiwa mengi, nyuki huzaliwa wengi, na nyumba huwa ndogo. Ndipo watenda kazi hujenga vyumba vichache vya namna ya peke yake, vinavyoning'inia kama karanga zenye maganda. Humo hulelewa malkia wapya. Tangu yai kutagwa mpaka malkia mpya kutoka, hupita kama siku 16.

Mara nyingi kabla binti hajatoka, mama mzee huondoka pamoja na sehemu kubwa ya watenda kazi. Humwachia binti nyumba, masega, asali na watoto. Mzee ndiye aendaye kuanza maisha mapya porini. Kabla ya kuondoka, kila nyuki hujaza tumbo lake asali, kama msafiri afungaye posho yake. Hivyo kundi moja huwa makundi mawili.

Kuna na hama ya pili. Nyuki wa Afrika wakikosa chakula au maji, au wakichomwa na jua, au moto wa pori ukipita karibu, au siafu wakiingia nyumbani, huondoka wote pamoja wala hawarudi. Hiyo ni hama ya taabu. Kwa sababu ya hama hizi mbili, makundi yanayotafuta nyumba ni mengi, katika msitu wa kaskazini ya Maniema na vilevile katika nchi ya majani upande wa Kasongo.

4. Wajumbe wa nyuki

Bumba likiisha kutulia kwenye tawi, nyuki mamia kadhaa, wale wenye uzoefu, hutoka kutafuta nyumba. Hao ni wajumbe. Huchungulia mashimo ya miti, nyufa za mawe, vichuguu vilivyoachwa, hata dari za nyumba za watu. Mjumbe akiona shimo huingia, hutembea gizani huku na huku juu ya kuta zake, akipima ukubwa wake.

Kisha hurudi kwenye bumba na kucheza ngoma juu ya migongo ya wenzake. Hutikisa mkia akienda mbele, huzunguka, hurudia. Mwelekeo wa mchezo huonyesha upande wa kwenda, kwa kulinganisha na jua. Muda wa kutikisa huonyesha umbali. Nyumba ikiwa njema sana, mjumbe hurudia mchezo mara nyingi. Ikiwa ya hivi hivi, huurudia mara chache tu. Wengine hawamwamini kwa maneno matupu. Huruka wenyewe kwenda kuona. Polepole wajumbe wote hupatana juu ya nyumba moja, ndipo bumba zima huruka.

Aliyeeleza lugha hii ya ngoma ni Karl von Frisch, mwenyeji wa Austria, naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Mwanafunzi wake Martin Lindauer aliona jambo jingine mwaka 1949, katika mji wa Munich, Ujerumani. Alitazama bumba, akaona kwamba wachezaji wamechafuka. Huyu alikuwa mweusi kwa masizi, yule mwekundu kwa vumbi la matofali, na mwingine mweupe kwa unga. Nyuki hao hawakutoka mauani. Mji ulikuwa umebomolewa kwa mabomu ya vita, na wajumbe walikuwa wakitafuta nyumba katika mabomba ya moshi na kuta zilizoanguka. Hivyo Lindauer akafahamu kwamba ngoma ya bumba ni baraza la kuchagua nyumba.

Baada yake Mmarekani Thomas Seeley alipima nyumba ambazo nyuki huzipenda. Akaona kwamba hupenda nafasi ya lita 40 hivi, yenye mlango mdogo, iliyo juu kutoka ardhini. Nyuki wa Afrika hukubali hata nyumba ndogo kuliko hiyo. Lakini lita 40, yaani bidoni mbili za lita 20, ni kipimo chema.

5. Mzee na mjukuu wake

Tutwae mfano. Mzee mmoja alikaa katika kijiji kando ya Lualaba. Tangu ujana wake alikuwa mrina asali. Usiku alipanda mti na mwenge wa makuti ya mchikichi, akawachoma nyuki, akakata masega yote, na watoto wa nyuki ndani yake. Pengine mti ulikuwa mrefu mno, basi aliukata. Siku moja alirudi msituni pamoja na mjukuu wake. Walitembea tangu alfajiri mpaka jua la utosi, wala hawakusikia mvumo wa nyuki.

"Babu," mjukuu akauliza, "mwaka jana tulipata asali wapi?"

"Katika mti ule mkubwa wa kando ya kijito, mjukuu wangu."

"Na mwaka huu mle mna nini?"

"Hamna kitu."

"Nyuki wamekwenda wapi, babu?"

Mzee akakaa juu ya gogo. Alinyamaza kitambo, akitazama makovu ya moto mikononi mwake.

"Hawakwenda mahali, mjukuu wangu. Niliwachoma mimi. Mtu akimchinja kuku atagaye, atakula nyama leo, lakini kesho hana yai. Tena nikuambie neno jingine. Nilikuwa na mwenzangu wa ujana. Tulirina pamoja miaka mingi. Usiku mmoja mwiba ulimwingia machoni, akaachia tawi. Tulimbeba mpaka kijijini, lakini hakuiona asubuhi. Mtungi wake wa asali walipewa watoto wake. Nao waliulia mtungi ule, hawakuula."

Mjukuu akashika mkono wa mzee. Halafu akasema kwa heshima:

"Babu, mwalimu ametufundisha kutengeneza sanduku la kukaribisha nyuki. Lakini mimi sijui ni wakati gani wapitapo, wala sijui wanapenda miti gani."

Mzee akacheka kidogo. "Hayo nayajua mimi. Na wewe unajua kupima mbao. Basi mmoja wetu ana jicho, na mwingine ana mkono. Twende nyumbani."

6. Kutengeneza sanduku

Sanduku la kukaribisha nyuki ni jepesi kutengeneza. Zinahitajiwa mbao kavu zenye unene wa sentimita 2, misumari, nyundo, msumeno na rula. Mbao zisiwe na rangi wala dawa ya kuua wadudu, kwa maana nyuki hukimbia harufu hizo.

Vipimo vya ndani ni hivi: urefu sentimita 32, upana sentimita 44, kina sentimita 29. Anayezidisha namba hizo atapata sentimita za mchemraba 40,832, yaani karibu lita 41.

Juu ya sanduku hupangwa fito 10 zilizorandwa. Kila ufito una urefu wa sentimita 48 na upana wa milimita 32. Kipimo cha milimita 32 hakina mchezo. Nyuki wa Afrika huacha nafasi hiyo kutoka katikati ya sega moja mpaka katikati ya sega la pili. Ufito ukiwa mpana zaidi au mwembamba zaidi, nyuki watajenga masega kwa kuyavusha kutoka ufito mmoja mpaka mwingine, na hapo hakuna mtu awezaye kuinua ufito bila kuvunja masega.

Chini ya kila ufito, katikati, hutiwa mstari mwembamba wa nta iliyoyeyushwa. Mstari huo huwaambia nyuki: Jengeni hapa. Fito zikikaribiana bila nafasi, huwa ndiyo dari. Juu yake huwekwa bati au makuti ya kuzuia mvua.

Mlango ni matundu machache katika ubao wa mbele, kila tundu milimita 10. Nyuki hupita, lakini panya hapiti. Mahali pengine popote pasiwe na ufa, kwa sababu nyuki hupenda nyumba yenye giza, kavu, isiyopitwa na upepo.

7. Harufu ya kuita

Nyuki hana macho ya kusoma kibao cha "Karibu". Yeye husoma kwa harufu. Mtenda kazi anayewaita wenzake husimama mlangoni, huinua mkia, hupiga mabawa, na hutoa harufu yake tamu. Harufu hiyo inafanana sana na ya mchaichai, yale majani marefu ambayo watu huyachemsha badala ya chai. Basi mtu hutwaa majani mabichi ya mchaichai, huyaponda, huyasugua ndani ya sanduku na kuzunguka mlango. Hurudia kila majuma mawili.

Nta ya zamani ni bora kuliko yote, pamoja na ile gundi nyeusi ambayo nyuki hupaka katika nyufa. Sanduku lililokwisha kukaliwa na nyuki huvuta bumba jipya upesi kuliko sanduku geni. Lakini asali isitiwe ndani kamwe. Asali haiiti bumba. Huita chungu, siafu, na nyuki wezi wa mzinga mwingine, ambao wakishiba hurudi kwao.

8. Mahali pa kutundika

Sanduku hutundikwa kwa waya mbili juu ya tawi imara, au juu ya nguzo, mita 2 au 3 kutoka chini. Mahali pawe na kivuli, hasa saa za adhuhuri. Mbele ya mlango pawe wazi. Maji yawe karibu, kama kijito safi, au beseni lenye vijiti vya kutulia nyuki wasizame. Miembe, miavoka, michikichi, mikahawa, mahindi na maua ya msitu ni shamba lao.

Waya au nguzo hupakwa mafuta machafu ya motokari, ili siafu wasipande. Hata jani moja lisiguse sanduku, maana jani ni daraja la siafu. Siafu wakiingia usiku, asubuhi hakuna kundi.

Ni heri kutundika sanduku mahali ambapo mzinga utakaa daima. Nyuki waliokwisha kujua njia ya nyumba yao, wakisogezwa hatua mia tatu au mia nne tu, wengi hurudi mahali pa zamani na kupotea.

Lupango wa mjini uliobanana na majirani si mahali pa mzinga. Karibu na shule, kisima, zizi au njia ya watu pia si mahali pake. Nyuki wa Afrika ni wapole wakiachwa, na wakali wakisumbuliwa. Hawabagui mtu. Mbuzi aliyefungwa kamba hawezi kukimbia, naye huuawa. Mzinga ukae mbali na watu, kama mita 100 au zaidi, nyuma ya ua wa miti, ili nyuki waruke juu ya vichwa vya watu.

9. Kungoja

Wakati wa kutundika ni kabla ya mahamo, si baada yake. Kila mahali pana miezi yake, nao warina asali wanaijua. Kwa hiyo watoto wa shule huwauliza wazee: mti gani unatoa maua sasa? Bumba la kwanza limeonekana mwezi gani? Majibu huandikwa katika daftari, mwaka kwa mwaka. Wakati wa kiangazi kifupi, kutoka Juni hadi Agosti, watu wanapochoma mashamba, wazee huulizwa pia habari za nyuki wanaokimbia moto.

Sanduku moja si kitu cha kutegemea. Masanduku matatu au manne, yaliyotundikwa mahali mbalimbali, ni matumaini makubwa zaidi. Pengine moja litapata nyuki na mengine yatabaki matupu. Yale matupu huchunguzwa kila mwezi. Buibui, chungu, mijusi na nondo wa nta huondolewa.

Kwanza wataonekana nyuki wachache wakiingia na kutoka, wakizunguka mlango kama watu wanaopima kiwanja. Hao ni wajumbe. Asiwaguse mtu. Siku moja mvumo mkubwa utasikika, na mbingu juu ya sanduku itajaa nyuki. Baada ya saa moja kimya kitarudi, na bumba litakuwa ndani.

Hapo kazi ya mtu ni kukaa mbali. Baada ya siku kadhaa atazame kwa mbali miguu ya nyuki waingiao. Wakibeba vidonge vya chavua, vya manjano au vyeupe, hiyo ni ishara njema. Chavua ni chakula cha watoto. Nyuki waletao chavua nyingi wamekwisha kuanza kulea, na kundi lenye watoto haliondoki kwa urahisi.

10. Mzinga mkubwa

Kundi likijaza fito zote 10, linahitaji nyumba kubwa. Mzinga mkubwa una upana na kina kilekile cha sanduku, ila urefu wake ni sentimita 90. Huingia fito 28 za kipimo kilekile. Jioni, mtu mzima aliyevaa nguo nene, kofia yenye wavu, mifuko ya mikono na viatu, huweka mzinga mahali pa sanduku. Hupuliza moshi kidogo, huinua fito moja moja pamoja na masega yake, na kuzipanga katika mzinga kwa taratibu ileile. Sega haligeuzwi ubavu, maana likiwa jipya hukatika.

Kazi hii si ya watoto. Mtoto husaidia kwa kutengeneza sanduku, kupanda maua na kuandika daftari.

Namna hii ya mizinga yenye fito ilienea katika Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, hasa kutoka Kenya. Haihitaji mashine, wala vitu vya kuagizwa Ulaya.

11. Nyuki akiuma

Nyuki akiuma, mwiba hubaki ndani ya ngozi, naye nyuki hufa. Mwiba hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaambia wengine: Adui yuko hapa! Kwa hiyo aliyeumwa huondoa mwiba mara moja kwa kukwangua na ukucha, kisha huondoka.

Nyuki wengi wakishambulia, watu hukimbia mbali bila kusimama, huku wakifunika uso kwa nguo, mpaka ndani ya nyumba yenye mlango wa kufungwa. Wasipige-pige mikono. Wasirukie mtoni, kwa sababu nyuki hungoja juu ya maji, na aliyezama ni mmoja. Mtu aliyeumwa mara nyingi, au aliyevimba uso na koo, au anayepumua kwa shida hata kama ameumwa mara moja tu, apelekwe hospitalini upesi. Asingoje kesho.

12. Asali na nta

Asali ya kuvuna ni ile ambayo nyuki wameifunika kwa nta. Iliyo wazi bado ina maji mengi. Ikitiwa katika chupa itachacha. Masega yenye watoto hayaguswi. Masega machache ya asali huachwa kwa nyuki wenyewe, kwa siku za mvua nyingi wasipoweza kutoka. Moshi utokane na makapi ya kahawa au nyuzi kavu za mchikichi, nao uwe baridi, bila miali ya moto.

Asali safi iliyochujwa kwa kitambaa huuzwa sokoni Kindu, mahali reli ya kutoka kusini inapokoma kando ya Lualaba na wasafiri hupita. Bei yake husaidia kununua madaftari, chumvi na sabuni. Lakini mtu asiitie maji wala sukari, kwa maana huo ni wizi. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, kwani huweza kumletea ugonjwa wa hatari.

Masega yaliyokamuliwa hayatupwi. Huyeyushwa katika maji ya moto, huchujwa, na nta huelea juu ikipoa. Tangu zamani Kanisa limeitumia nta ya nyuki kwa mishumaa. Usiku wa Pasaka, wimbo wa kusifu mshumaa mkubwa huwataja nyuki waliotoa nta yake. Mtakatifu Ambrosi, askofu wa Milano aliyekufa mwaka 397, ni msimamizi wa wafuga nyuki. Sikukuu yake ni tarehe 7 Desemba. Masimulizi ya kale husema kwamba alipokuwa mtoto mchanga, bumba la nyuki lilitua usoni pake, likaruka tena bila kumwuma. Na katika Injili, Yohane Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwitu.

Hata Bruda Adam, mtawa wa abasia ya Buckfast katika Uingereza, aliyefariki mwaka 1996, alitumia karibu maisha yake yote kwa nyuki. Alisafiri nchi nyingi kutafuta nyuki wema. Watu wakuu wameona kwamba mdudu huyu mdogo anastahili kazi ya miaka mingi.

Mungu aliwapa nyuki akili ya kuchagua nyumba. Aliwapa watu akili ya kuwajengea. Achomaye kundi hula asali mara moja. Alijengeaye nyumba hula mwaka huu, na mjukuu wake atakula baada yake.

MANENO

Bumba: nyuki wengi walioshikamana pamoja wakihama.
Chavua: unga wa maua.
Kurina: kutoa asali katika mti au mzinga.
Kuchacha: kuwa na uchungu kwa kukaa.
Ufito (wingi: fito): mti mwembamba mrefu.
Sega: nyumba ya vyumba vidogo ambayo nyuki huijenga kwa nta.

MASWALI

1. Katika mzinga mna watu wa namna ngapi? Taja kazi za kila namna.
2. Eleza hama mbili za nyuki.
3. Mjumbe huwaonyesha wenzake njia namna gani?
4. Lindauer aliona nini katika mji wa Munich? Wale nyuki walitoka wapi?
5. Kwa nini mzee alinyamaza mjukuu alipomwuliza habari za nyuki?
6. Mzee alimwambia mjukuu kwamba mmoja ana jicho, na mwingine ana mkono. Maana yake nini?
7. Kwa nini asali isitiwe ndani ya sanduku?
8. Nyuki waletao chavua wanaonyesha nini?
9. Mtu aliyeshambuliwa na nyuki afanye nini? Asifanye nini?

HESABU

1. Mzinga una fito 28, kila moja milimita 32. Zikipangwa pamoja, urefu wake ni sentimita ngapi?
2. Sanduku lina upana wa ndani sentimita 40, urefu 30 na kina 30. Huingia lita ngapi?
3. Mtu ametundika masanduku 12. Robo yake yamepata nyuki. Yaliyobaki matupu ni mangapi?

KAZI

Uliza wazee watatu wa kijiji au mtaa wako: miti gani hupendwa na nyuki, nayo hutoa maua mwezi gani? Andika majibu katika daftari. Linganisha na ya wenzako, na mchore kalenda moja ya maua ya darasa zima.